Lango la Mpaka na Lango la Moyo



Mmekwisha kuona jinsi bendera inavyoshushwa jioni mbele ya ofisi ya serikali. Filimbi hulia, mpita njia husimama kimya, hata mama mwenye mzigo mgongoni hungoja. Bendera ikiisha kukunjwa, kila mtu hushika njia yake. Leo napenda kuwasimulia habari ya bendera mbili zishushwazo pamoja, tupate kujifunza neno lihusulo Ubatizo wenu.

Mbali sana nasi, katika bara la Asia, ziko nchi mbili jirani, India na Pakistan. Zamani zilikuwa chini ya serikali moja. Mwaka 1947 zilitengwa, na damu nyingi ikamwagika. Katika njia itokayo Amritsar kwenda Lahore, kati ya Attari na Wagah, pana lango la mpaka. Mwaka 1959 askari wa pande zote mbili walianza kufanya hapo sherehe ya kila siku, kabla ya jua kutua. Hupiga hatua kwa nguvu, huinua miguu hata karibu na paji la uso, hutazamana kwa macho makali. Kisha bendera mbili hushushwa kwa pamoja, polepole, moja isipate kuwa juu ya mwenzake.

Kwa miaka mingi lango lilifunguliwa, na askari wa huku akampa mkono askari wa huko. Lakini mwezi wa Aprili 2025, baada ya watu kuuawa katika Kashmir, India iliamuru lango lisifunguliwe, wala mkono usitolewe. Bendera zilishushwa pamoja kama desturi, mikono haikukutana.

Je, tuwacheke? La, hasha! Tujitazame sisi wenyewe.

Katika darasa langu walikuwako wakatekumeni wawili waliogombea mpaka wa shamba la maharagwe. Kila asubuhi walipiga magoti pamoja, wakasali Baba Yetu kwa sauti moja. Walipotoka nje, hakuna aliyemwamkia mwenziwe. Nilipomwonya mmoja, alijibu: «Mwalimu, katekisimu naijua yote.» Nikamwambia: «Ndiyo, waijua. Lakini Bwana wetu Yezu Kristu ametuagiza kuiacha sadaka mbele ya altare, twende kwanza kupatana na ndugu. Wewe umekwenda?» Akanyamaza. Jumamosi iliyofuata niliwaona wakipanda miti ya mpaka: mmoja akichimba, mwingine akishika mche.

Sisi wa Bukavu twakaa mpakani. Mto Ruzizi, utokao Ziwa Kivu, hututenga na Rwanda, na vita tumeviona kwa macho yetu. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliwatetea wakimbizi waliovuka kuja kwetu mwaka 1994, akawatetea na watu wa Kivu pia. Aliuawa mjini Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Kwake yeye mto haukuwa mwisho wa mapendo.

Si dhambi kuiheshimu bendera, wala kuulinda mpaka. Lakini maji ya Ubatizo hayana ng'ambo mbili. Basi, kabla hamjayakaribia, kila mmoja ajiulize: Ni nani niliyemfungia lango? Akiisha kumjua, aende kwake leo, asingoje jua litue.

Mungu awabariki.