Macho Hayana Pazia, Picha Je?

Wahenga wetu walisema kwamba macho hayana pazia. Maana yake ni kwamba mtu akipita mahali na kuona kilichopo, hana hatia. Msemo huu uliwafaa watu wa zamani, kwa sababu kilichoonwa kilibaki kwa aliyekiona. Alikibeba kichwani mwake, akakisimulia akipenda, na alipokufa alikwenda nacho. Siku hizi jicho limepata mkono. Linaona, linachukua, na kabla jua halijatua limekwisha kukifikisha kilichochukuliwa kwa watu ambao hata idadi yao haijulikani. Swali ninalotaka tulitafakari pamoja, ndugu msomaji, ni hili: je, ruhusa ya kuona ni ruhusa ya kuchukua na kugawa?

Swali hili sikulitoa vitabuni. Nimelipata hapa hapa Ilomba, ninakoishi tangu nilipostaafu ualimu mkuu. Yuko kijana jirani yangu, fundi wa simu, ambaye kila wiki hupiga picha moja ya maisha ya kawaida ya mtaani kwetu na kuituma kwa njia ya intaneti kwa wapenzi wenzake wa picha walio katika nchi mbalimbali. Wao nao humtumia za kwao. Masharti waliyojiwekea ni mepesi: picha moja kwa wiki, isiwe ya sherehe, wala isiwe ya kupangwa. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, huniletea nimsaidie maneno machache ya kuweka chini ya picha. Kwa njia hiyo nimeona lori la viazi lililokwama kwenye foleni ya barabara ya Tunduma, dereva wa bajaji akinywa uji asubuhi ya baridi ya mwezi Juni, na watoto wa shule wakivuka mtaro mmoja mmoja, viatu mkononi.

Niseme kwanza yaliyo mema katika kazi hii, kwani ni mengi. Sisi wa rika langu tulipigwa picha siku kubwa tu. Nilipokuwa chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, filamu tuliyoizoea ilitoa picha 12, na kila moja ilikuwa na bei yake. Mtu hakuthubutu kuipoteza kwa kumpiga mama yake akichambua mchele. Tulikwenda studio, tukaazima koti na tai vilivyotundikwa pale kwa ajili ya wateja, tukasimama wima mbele ya pazia lililochorwa maua, tukazuia pumzi. Matokeo yake ni kwamba ukifungua albamu zetu utaona ubatizo, harusi na mahafali, kana kwamba maisha yetu yote yalikuwa sherehe. Soko la zamani la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006. Nilinunua humo mboga, madaftari na viatu vya wanangu kwa miaka mingi, na sina hata picha moja ya siku yake ya kawaida. Wajukuu wakiniuliza lilikuwaje, nina maneno tu.

Jambo hili huonekana zaidi msibani. Mara ngapi tumesimama mbele ya jeneza tukaona picha ya marehemu iliyokatwa kutoka katika picha ya harusi ya watu wengine, bega la jirani yake likiwa bado linaonekana pembeni? Mtu ameishi miaka sabini, nasi tunamtafutia uso kwenye sherehe ya mwingine.

Wako waliotangulia kuliona pengo hili. Kule Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Alipiga picha za watu waliojipamba, kama wapiga picha wote, lakini pia aliacha picha za mitaa na za watu wakiwa katika shughuli zao, na mwanawe Rohit aliendelea kuzitunza. Leo picha hizo ni kumbukumbu ya mji ambao wengine wetu tungeusoma katika taarifa za serikali tu.

Tena liko jambo la namna walimwengu wanavyotujua. Mwaka 1984 Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzisha kampuni yake ya Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, alikwenda Korem, Ethiopia, akachukua picha za njaa. Shirika la BBC lilizionyesha mwezi Oktoba mwaka huo, na misaada ikamiminika kutoka kila upande. Watu waliokuwa wafe walipona. Sitathubutu kuilaumu kazi hiyo. Hata hivyo, kwa miaka mingi baadaye siku ile mbaya kuliko zote ya watu wa mahali pamoja ilichukuliwa na wengi kuwa ndiyo sura ya Afrika nzima. Picha ile haikuwa ya uongo, ilikosa majirani. Ilikosa picha ya siku ya kawaida, ya mtu anayefunga gunia la viazi na kugombana na mnunuzi kuhusu lumbesa. Kwa hiyo kijana wangu akituma lori lililokwama na dereva anayecheka, naona anafanya kazi ambayo balozi hawezi kuifanya.

Basi ubaya uko wapi? Nitaeleza mambo mawili yaliyotokea.

La kwanza ni la mzee mmoja wa mtaa wetu aliyefiwa na mkewe. Kijana alimkuta ameketi mlangoni akishona kiatu chake kwa waya, akampiga picha. Ilikuwa picha nzuri mno, na wenzake wa mbali waliisifu. Baada ya muda mtoto wa mzee huyo, anayeishi Dar es Salaam, akaiona katika simu ya mtu mwingine. Akapiga simu kwa hasira: kwa nini baba yake anatangazwa duniani kama mtu asiye na watoto? Mzee akamjibu, "Kiatu ni changu, na mikono ni yangu. Ulitaka anishonee nani?" Yeye lalamiko lake lilikuwa moja tu, kwamba hakuwa amevaa koti. Shauri likaishia hapo, na liliweza kuishia hapo kwa sababu moja: kijana alikuwa amemwonyesha mzee picha ile kabla ya kuituma, na mzee alikuwa amekubali.

La pili ni la mama anayeuza maparachichi kando ya barabara kuu. Kijana alimpiga picha mvua ikinyesha, mtoto amelala mgongoni, naye ameinua nailoni juu ya meza yake kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukirudisha chenji. Mimi niliiona kwenye simu. Katika picha zake zote za mwaka ule, hakuna iliyoifikia. Akampelekea mama aione. Mama akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Hapana, kaka. Hiyo futa." Kijana akambembeleza: watu wale wako mbali, hawamjui, hawatamjua. Mama akasema, "Hata kama." Hakutoa sababu.

Kijana akaja kwangu na uchungu wake. "Mwalimu," akasema, "si yupo barabarani? Kila apitaye anamwona. Mimi nimeiba nini?" Hoja yake ilikuwa ni ule msemo wa wahenga, ingawa hakuutaja. Nami nilikaa nayo siku kadhaa, kwa sababu si hoja ya kipuuzi.

Nilipoichunguza nikaona kuna jambo moja limejificha ndani yake. Ni kweli kwamba kila apitaye barabarani anamwona mama yule. Lakini mama naye anamwona kila apitaye. Anamjua aliyesimama kununua na aliyesimama kuchungulia. Akitazamwa vibaya, anaweza kujifunika khanga, kugeuka, kusalimia, au kumuuliza mtazamaji, "Wewe, una shida gani?" Kutazamana kwa watu wa mahali pamoja ni biashara ya nipe nikupe, hata pale ambapo hakuna anayesema neno. Macho hayana pazia kwa pande zote mbili, na hiyo ndiyo haki iliyomo katika msemo. Picha ikishatumwa, upande mmoja unafungwa. Mtu aliye mbali anamwona mama, mtoto wake, mvua yake na meza yake, mama hamwoni. Hajui anatazamwa na nani, saa ngapi, kwa huruma au kwa kicheko. Na siku hizi hata neno "mbali" limepungua maana, kwani picha iliyotumwa ng'ambo asubuhi yaweza kuwa imerudi Mwanjelwa jioni katika simu ya mtu ambaye mama hakutaka aione.

Mtu atauliza: kwa nini basi asiombwe kabla ya kupigwa? Jibu analijua kila aliyewahi kushika kamera. Ukimwomba mtu kabla, atasimama wima. Mzee wetu angekwenda kuchukua koti. Hapo maisha ya kawaida yamekwisha, tumerudi studio mbele ya pazia la maua. Huu ndio ugumu wenyewe wa jambo hili: ukiomba mapema unaipoteza siku ya kawaida, na usipoomba kabisa unamdhulumu mwenye siku yake.

Ugumu huu una umri sawa na picha zenyewe. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya mtaa wa Boulevard du Temple, jijini Paris, akiwa juu dirishani. Mtaa ule ulikuwa wa pilikapilika, lakini kamera ya wakati ule ilihitaji dakika kadhaa kuushika mwanga, hivyo waliokuwa wakitembea hawakubaki katika picha. Alibaki mtu mmoja aliyesimama akisafishiwa viatu. Picha hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa za kwanza kabisa kumwonyesha mtu aliye hai. Jina lake halijulikani, wala hakuna dalili kwamba aliwahi kujua kuwa amepigwa picha. Huyo ametazamwa na vizazi kwa karibu miaka mia mbili, na yeye alikuwa anashughulikia viatu vyake tu, kama mzee wetu wa Ilomba.

Daguerre alikuwa na udhuru: yule mtu alikwisha kwenda zake, na alionekana mdogo kama sisimizi. Mtu anayepiga picha mtaani kwake kila wiki hana udhuru huo. Kesho atakutana na yule aliyempiga, atamsalimia, atanunua kwake maparachichi. Kwa hiyo mimi nimefikia uamuzi huu: si lazima ombi litangulie picha, lakini ni lazima litangulie kutuma. Aliyemo katika picha awe mtazamaji wake wa kwanza. Akishaona kile ambacho wengine watakiona, amerudishiwa zamu yake ya kutazama. Akikubali, anakubali akijua. Akikataa, picha ife, na asidaiwe sababu. Mama yule aweza kuwa anakwepa wadai, au hakuupenda uso wake wa siku ile. Mwenye mali haulizwi kwa nini hauzi.

Aidha, wako wasioweza kukataa. Mtoto mdogo, mgonjwa, mlevi aliyelala njiani, mfiwa katika saa ya kilio. Hawa hata ukiwaonyesha picha, jibu lao halina uzito wa jibu. Kwao kanuni yangu haitoshi, na nadhani heshima ni kuiacha simu mfukoni, au kungoja anayeweza kuwasemea kwa haki.

Sheria zipo. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika Ibara ya 16, inatambua haki ya mtu kuheshimiwa katika maisha yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Nazipokea kwa shukrani. Lakini sheria huja baada ya madhara, tena humfikia yule mwenye uwezo wa kwenda kushitaki. Muuza maparachichi ana ulinzi wa karibu zaidi, nao ni adabu ya jirani yake.

Sitaficha kwamba kanuni hii ina gharama. Iwapo wapiga picha wote wa zamani wangeifuata, baadhi ya picha tunazozithamini zisingekuwepo. Wajukuu wa mama yule siku moja watatafuta sura ya bibi yao alipokuwa kijana mwenye nguvu, akipambana na mvua ya Mbeya kwa mkono mmoja, nao hawataipata. Hasara hiyo naikubali. Maisha yale yalikuwa yake kabla hayajawa kumbukumbu yetu, na kumbukumbu iliyopatikana kwa kumpuuza mtu humhifadhi vibaya.

Kijana aliifuta picha mbele ya mama, naye mama akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga." Wiki ile alituma picha ya gunia la viazi lililoloa mvua, peke yake, kando ya barabara. Niliandika maneno chini yake kama kawaida. Haikusifiwa na mtu yeyote.