Chakula Kilichopikwa Nyumbani ni Deni la Nani?

Kwetu Kongo, mtu akitaka kumsifu mama wa nyumba husema kwamba watoto wake hawali ovyo. Maana yake ni kwamba mama huyo hupika mwenyewe, kila siku, na kilichomo sahanini kinajulikana kimetoka wapi. Akitaka kumlaumu, huigeuza sentensi hiyo hiyo. Katika insha hii nataka kuuliza kama lawama hiyo ni ya haki. Je, kuilisha familia chakula kizuri kilichopikwa nyumbani ni wajibu wa kimaadili? Na kama ni wajibu, unamwangukia nani?

Niseme mapema kwamba sikubaliani na wale wanaosema kila mtu ana hiari yake katika jambo hili. Mtoto wa miaka 3 hachagui. Hula anachopewa, na mwili wake hujengwa kwa hicho. Palipo na mtu asiyeweza kujichagulia, pana wajibu juu ya anayemchagulia. Kwangu hilo halihitaji mjadala mrefu. Mjadala huanza tunapouliza wajibu huo unagharimu nini, na nani anailipa gharama yake.

Chukueni sombe, mboga ambayo karibu kila nyumba ya Kivu inaijua. Majani machanga ya muhogo huchumwa, hutolewa vikonyo, hutwangwa kinuni mpaka yalainike, kisha huchemshwa kwa muda mrefu, mara nyingi saa nzima na zaidi. Ndipo hutiwa mafuta ya mawese, vitunguu, na ndakala au karanga kwa aliyezipata. Mgeni anaweza kudhani kwamba kazi yote hiyo ni ya kutafuta ladha tu. Sivyo. Majani ya muhogo, kama mizizi yake, yana linamarini, kemikali inayozaa sianidi, na sianidi ni sumu. Mchi unapoyapondaponda majani, hukiachilia kimeng'enya kilichomo ndani yake kuivunja linamarini, na moto huifukuza sumu ikatoka pamoja na mvuke. Ukizipunguza saa hizo kiholela, unachopakua si sombe tena.

Sasa, saa hizo ni za mtu. Nyumbani kwetu Bukavu kinu kilikuwa changu na dada zangu; kaka zetu waliitwa sombe ilipokwisha kuiva, wala sikumbuki aliyeona ajabu. Siku hizi sokoni kuna mashine zinazosaga majani kwa dakika chache, na bado utawasikia baba zetu wakisema kwamba sombe ya mashine haina utamu wa ile ya kinu. Huenda ni kweli. Ila wengi niliowasikia wakisema hivyo hawajawahi kuushika mchi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kuna watu wanaotetea chakula cha nyumbani kana kwamba neno "nyumbani" peke yake linatosha kukifanya chakula kiwe salama. Hao ningependa wafikirie ugonjwa wa konzo. Jina hilo limetoka katika lugha ya Wayaka wa kusini-magharibi mwa nchi yetu, nalo hudokeza miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliueleza kwa maandishi mwaka 1938. Mtu hulala mzima, akaamka miguu imekakamaa, na hali hiyo haiponi. Wengine hutembea kwa fimbo maisha yao yote. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Chanzo chake ni kula kwa wiki nyingi muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, katika mlo usio na maharage, samaki wala nyama, kwa sababu mwili huhitaji protini ili kuishinda sianidi.

Jambo linalonigusa ni hili: konzo hutoka katika bukari iliyosongwa nyumbani, na mama, kwa muhogo wa shamba lake mwenyewe. Wala si kwamba wanawake wa huko hawakujua. Wareno waliuleta muhogo Afrika kutoka Amerika ya Kusini katika karne ya 16, na vizazi vya wanawake wa Kongo vikajifunza kwamba muhogo mchungu huloweshwa siku 3 hivi kabla ya kuanikwa na kutwangwa. Elimu hiyo ilikuwapo. Watafiti waliofanya kazi katika eneo la Bandundu waliona kwamba biashara ya muhogo wa kupeleka Kinshasa iliposhamiri, siku za kulowesha zilipunguzwa. Lori halisubiri. Fedha zilihitajika kwa chumvi, dawa na ada ya shule. Mwanamke aliyefupisha siku 3 zikawa moja alikuwa anaitafutia familia riziki, na kwa tendo lilo hilo akaihatarisha.

Tumlaumu? Wanafalsafa wana hoja ambayo kwa kawaida huhusishwa na Immanuel Kant, kwamba huwezi kumwambia mtu "yakupasa" kwa jambo asiloliweza. Naikubali, lakini naona tunaitumia kwa uvivu. Tukishagundua kwamba fulani hawezi, tunamsamehe, kisha tunakwenda zetu kana kwamba deni limefutika. Mtoto bado yupo, na bado ana njaa. Deni limehama tu, nasi hatuna budi kulifuata lilikokwenda.

Lilikokwenda linaonekana. Mwanasayansi wa Australia, Howard Bradbury, pamoja na wenzake, walibuni njia rahisi: unga wa muhogo huchanganywa na maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba, na kuachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini ili sumu itoke hewani, kisha hupikwa siku hiyo hiyo. Katika kijiji cha Kay Kalenge, eneo la Popokabaka, akina mama walifundishwa njia hiyo kuanzia mwaka 2010, na katika muda wa mradi hakikutokea kisa kipya cha konzo. Kilichobadilika hapo si upendo wa akina mama kwa watoto wao. Upendo ulikuwapo tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba kuna waliojiona wanadaiwa elimu, wakaja kuilipa, na njia waliyoileta ilipimwa kwa saa ambazo mwanamke mwenye shughuli anazo kweli.

Kuna pia upande wa mjini, ambao wahubiri wa chakula cha nyumbani huupita haraka. Mama anayeuza sokoni Kadutu tangu alfajiri hadi magharibi hana saa ya mchi. Jioni hupitia malewa, akanunua bukari na maharage, akawapelekea watoto. Watu husema hakupika. Lakini mama wa malewa aliyempakulia ametwanga, ameosha, amechochea moto, na watoto wake wanakula chungu hicho hicho. Maharage yakiwa mabichi, kesho mteja atakuja kumwambia usoni. Mimi naona chakula hicho kiko karibu zaidi na cha nyumbani kuliko mkate na soda vinavyotolewa katika nyumba yenye jiko kubwa na mtumishi. Tunachokitaka katika chakula cha nyumbani, nadhani, ni kuwapo kwa mtu anayejua kilichomo na anayeweza kuulizwa. Mara nyingi mtu huyo ni mama. Si lazima awe yeye.

Mwanafunzi mwenzangu alinipinga kwa kusema kwamba nimeugawa wajibu mpaka umepotea, kwa kuwa deni la wote halilipwi na yeyote. Pingamizi hilo ni zito, na silijibu kwa kurudisha kila kitu mabegani mwa mama. Najibu kwa kutaja mafungu. Baba anayetaka sombe ya kinu ana fungu lake, nalo ni ama kutwanga au kunyamaza kuhusu mashine. Kaka mwenye miaka 15 na mikono yenye nguvu kuliko ya dada yake ana fungu katika mchi, na sijapata kusikia sababu ya maana ya kumwondoa humo. Mnunuzi wa muhogo anayeutaka leo badala ya kesho kutwa ana fungu katika siku zile mbili zilizopunguzwa. Serikali inayojua wilaya zenye konzo ina fungu la kutuma wafunzi bila kungoja mradi wa wageni. Mama hubaki na fungu lake pia, tena kubwa, kwa sababu yeye ndiye aliye karibu na mtoto. Ila kabla ya kumwuliza kwa nini watoto wake wanakula ovyo, mwulizaji ataje kwanza fungu ambalo yeye mwenyewe amekwisha kulilipa.