UKAME SI KUKOSA MVUA PEKE YAKE

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninyi, tumche Mwenyezi Mungu.

Ijumaa ya leo tusimame juu ya neno moja: UKAME. Tunalisikia kila siku. Mkulima analitaja mvua ikichelewa na mpunga ukikauka shambani. Redioni wanasema timu fulani ina ukame wa mabao. Kijana asiye na kazi ukimuuliza habari anajibu: "Ukame tu, ndugu yangu." Tunacheka pamoja naye, lakini nyumbani kwake chungu hakijapanda motoni tangu jana.

Sisi watu wa Maniema twaweza kudhani kwamba ukame ni shida ya watu wa jangwa. Mto Lualaba unapita hapa Kindu usiku na mchana. Kiangazi chetu ni cha miezi michache, kisha mvua inarudi. Ukame utatupata wapi?

Sikilizeni. Kwa Kiarabu neno "sana" maana yake ni mwaka, na Waarabu walilitumia neno hilohilo kwa mwaka wa ukame. Ndiyo maana katika Suratul-Aaraf tunaelezwa kwamba watu wa Firauni walishikwa na "miaka", yaani miaka ya ukame, na upungufu wa mazao, ili wapate kukumbuka. Naye Mtume wetu (s.a.w.), katika hadithi ya Abu Huraira iliyomo katika Sahihi Muslim, alitufundisha tusidhani ukame ni mvua kukatika tu. Watu wanaweza kunyeshewa sana, na ardhi yao isiwape kitu. Huo ndio ukame wenyewe.

Basi, ndugu zangu, neno hili linatuhusu. Mvua inanyesha, na mtoto wa jirani analala na njaa. Mchele upo, lakini umefungiwa ndani ya depo, mwenyewe anangoja bei ipande; na Mtume (s.a.w.) alimhesabu mwenye kuficha chakula hivyo kuwa ni mkosaji. Kisima kina maji, lakini kimetiwa kufuli, na mama mjane anapita na bidoni yake tupu. Baba amepata feza, lakini hazifiki nyumbani. Adhana tunaisikia mara tano kwa siku, na moyoni hakuoti kitu. Mvua imenyesha, ardhi imekataa.

Tumtazame Sayyidna Umar (r.a.). Katika mwaka wa 18 wa Hijra ukame mkali uliingia Bara Arabu, mpaka mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Majivu. Umar alikuwa Khalifa, naye alikataa kula samli na nyama mpaka watu wote wapate nafuu. Alikula mafuta ya zeituni, tumbo likanguruma, rangi yake ikabadilika. Aliandika barua kwa magavana wake, na chakula kikaja kutoka Sham. Akatoka pamoja na watu kumwomba Mwenyezi Mungu mvua. Aliomba dua, na mkono wake ulitoa. Hakuacha kimoja kwa sababu ya kingine.

Na Nabii Nuhu (a.s.) aliwaambia watu wake waombe msamaha kwa Mola wao, naye atawaletea mvua tele, mali na watoto. Istighfari ni ufunguo. Lakini mtu hawezi kuomba mbingu zifunguliwe huku depo yake ameifunga.

Kabla ya Ijumaa ijayo, kila mmoja atafute ukame ulio karibu naye. Mwenye kisima afungue. Mwenye mchele auze kwa bei ya haki. Mwenye kumdai maskini ampe muda. Asiye na kitu, hata neno jema ni sadaka.

Ee Mola wetu, tunyeshee mvua ya rehema, isiyobomoa nyumba wala kuharibu shamba. Lainisha mioyo yetu iliyokauka. Walishe wenye njaa, wape amani watu wa Kongo yote. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini, ukimaliza kusoma, mpe jirani.)