RAMADHANI 23: RANGI JUU YA UNYEVU

Idi inakaribia, wengi tumeshika brashi wenyewe. Lakini ukuta wa mawe ya matumbawe una unyevu na chumvi. Ukiuziba kwa saruji na rangi ya mafuta, haukawii kuvimba na rangi kubambuka.

Nyumba yako, hasara yako. Je, ukipaka ili mpangaji asione?

Mtume (s.a.w.) alitia mkono kwenye lundo la chakula sokoni, akakuta ndani kumelowa. Muuzaji akasema ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Aliulizwa mbona hakukiweka juu kilicholowa, watu wakione.

Dhambi iliyo baina yako na Mola wako, isitiri, utubie. Kasoro itakayomdhuru mwenzio, ionyeshe.

Allah atutakabalie swaumu zetu. Amin.