Mti Mmoja, Pande Mbili za Bahari

Kusini na katikati mwa China, na pia Taiwan, huota mti mrefu ambao Wachina huuita fengxiang, na wanabotania Liquidambar formosana. Jani lake lina ncha tatu na meno madogo ukingoni, na likifikichwa hunukia utomvu. Tunda ni tufe gumu lenye miiba. Likikauka, vitundu vyake hufunguka na mbegu zenye ubawa mdogo huchukuliwa na upepo. Mashariki mwa Marekani yuko ndugu yake mwenye tufe lilelile na harufu ileile, ila jani lina ncha tano hadi saba. Mwingine yuko kusini-magharibi mwa Uturuki. Upepo hauwezi kuvusha mbegu hizo Bahari ya Pasifiki, basi zilifikaje huko?

Mwanasayansi Louis Agassiz wa Chuo Kikuu cha Harvard aliamini kwamba Mungu aliumba kila spishi papo hapo ilipo. Asa Gray, mwenzake chuoni na Mkristo wa dhati, alilinganisha mimea ya Japani na ya mashariki mwa Marekani mwaka 1859, akasema ina asili moja: msitu uliotanda kaskazini mwa dunia, kisha baridi ikaugawa. Visukuku vya Liquidambar vilivyopatikana Ulaya ya kati, ambako leo mti huo hauoti porini, vinamuunga mkono. Nami naona Gray alilinda imani vyema kuliko Agassiz. Wapo watakaouliza: kama baridi na upepo vinatosha kueleza, Mungu amebaki na kazi gani? Swali hilo linamfanya Mungu kibarua anayegawana zamu na upepo. Mama asemaye mtoto wake ni riziki ya Mungu hakani kwamba alimbeba tumboni miezi tisa; yote mawili ni kweli kwa ukamilifu wake.

Pingamizi zito zaidi ni miti iliyokufa, kama ile ya Ulaya. Gray alitaka kuamini kwamba mabadiliko ya viumbe huelekezwa kwenye manufaa, na mwaka 1868 Charles Darwin, mwasisi wa nadharia ya mageuzi, alimkatalia katika kitabu chake. Hapo, kwa maoni yangu, Gray alirudia kosa la Agassiz, akimtafutia Mungu kijisehemu ndani ya mfuatano wa visababishi. Anayemwona Mungu katika kila badiliko lenye faida lazima aeleze pia misitu ya Ulaya iliyoangamia bila mrithi, na sijasikia maelezo yasiyoifanya hasara hiyo ionekane ndogo kuliko ilivyo. Mwamini anaweza kukiri kwamba uhai wote unamtegemea Mungu bila kudai kujua kwa nini fengxiang wa China alisalimika na nduguye wa Ulaya ya kati akatoweka.