Aliyeweza Kule, Ana Udhuru Gani Hapa?

Kuna mas'ala ambayo kwa dhahiri yake ni ya mchezo tu, na kwa undani wake ni ya hukumu: twamhukumuje mtu aliyeweza jambo zito mahali pamoja, kisha akashindwa na jambo jepesi mahali pengine? Mas'ala haya yazushwa na watu wa Marekani na Ulaya ambao leo wamekwisha pindukia miaka arubaini, na ambao ujana wao waliutumia katika michezo ya mwanzo ya intaneti, ile ambayo mchezaji huchukua jina na umbo jingine, akaishi katika nchi ya kubuni pamoja na maelfu ya wengine. Baadhi yao walikuja kuambiwa na matabibu, ukubwani, kwamba wana hali iitwayo ADHD, yaani upungufu wa uangalifu pamoja na kutotulia. Nao husema kwamba hawakuwahi kuwa watu wa nidhamu maishani mwao kama walivyokuwa ndani ya michezo ile, na wanaitamani hata leo.

Tuutazame mmoja, EverQuest, uliotoka Machi 1999. Asiyeujua atadhani ulikuwa mchezo wa pupa na kelele. Haukuwa hivyo. Hapakuwa na ramani ndani yake. Mtu alijifunza njia kwa kupotea. Kuvuka bara moja kwenda jingine kulitaka kungoja chombo gatini, na ukichelewa kikaondoka, ungoje tena. Mchawi aliyeishiwa na nguvu alilazimika kuketi chini mpaka zimrudie, na katika daraja za mwanzo kitabu chake cha uganga kiliziba kioo cha kompyuta, asione ila kurasa zake. Aliyekufa alipoteza sehemu ya daraja aliyoitafuta kwa saa nyingi, akafufuka mbali, mtupu, na mali yake ikabaki na maiti yake mpaka aifuate mwenyewe. Tena mambo makubwa hayakufanyika na mtu pekee. Kundi lilikuwa la watu sita: mmoja wa kupokea mapigo, mmoja wa kutibu, na wengine kila mtu na kazi yake. Tabibu akighafilika dakika moja, wenzake watano wataangamia.

Basi mtu yule yule asiyeweza kumaliza kurasa mbili za kitabu cha darasa, alikaa kule saa sita akiulinda uhai wa wenzake. Mzazi aliyemwona alisema, "Kumbe waweza! Hutaki tu." Na maneno haya si ya Marekani pekee, ni nyumba ngapi za kwetu ambazo hayajatamkwa?

Ajabu ni kwamba hali hizi mbili, kutamani yaliyopita na kutotulia kwa fikra, zimebadilishana makao. Mwaka 1688 mwanafunzi wa utabibu katika mji wa Basel, Johannes Hofer, aliunda kwa maneno ya Kiyunani jina "nostalgia", akikusudia maradhi khasa: maumivu ya aliye mbali na kwao, ambaye dawa yake ni kurudishwa. Leo hapana tabibu amwandikiaye mtu dawa kwa kutamani ujana wake. Ama kutotulia, kulitokea upande wa pili. Mwaka 1902 tabibu George Still, katika hotuba zake mjini London, alieleza khabari za watoto wasioweza kujizuia, akasema wana upungufu wa utawala wa kimaadili, ilhali akili zao hazina kasoro. Jina lilibadilika mara kadhaa, hata mwaka 1987 kitabu cha matabibu wa akili wa Marekani kikaweka jina linalofupishwa ADHD. Na toleo la mwaka 2013 likapunguza idadi ya dalili zinazotakiwa kwa watu wazima, kutoka sita mpaka tano. Anayedhani kwamba mpaka baina ya maradhi na makosa ulichorwa tangu kale kwa wino usiofutika, na ayatazame haya mawili.

Tuirudie hoja ya mzazi. Yeye adhani uangalifu ni kama fedha mfukoni: aliye nazo dukani anazo na sokoni. Lakini Russell Barkley, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeichunguza hali hii miaka mingi, ashikilia kwamba upungufu wao hauko katika kujua lipasalo kutendwa. Uko katika kulitenda kwa wakati wake. Mwenye hali hii ajua vyema bili ya umeme yalipwa lini. Lakini bili haina sauti wala uso, na adhabu yake iko wiki tatu mbele, na kwake yeye kilicho mbele wiki tatu ni kama hakipo. Kule mchezoni kila wajibu ulikuwa na uso, ulikuwa karibu, na matokeo yake yalionekana papo hapo. Hata kungoja chombo gatini hakukumshinda, kwa kuwa alingoja na watu, wakizungumza. Kwa hiyo kuweza kwake kule si ushahidi wa kutotaka hapa.

Hata hivyo sikubaliani na wanaoumaliza mjadala hapo, wakaufanya mchezo kuwa hospitali na wao kuwa wagonjwa wasioeleweka. Mchezo ule uliwekwa kwa malipo ya kila mwezi, na mwenye mali alifaidika kila mchezaji alipozidi kukaa. Wachezaji wenyewe waliubandika jina la utani lililoufananisha na dawa ya kulevya. Na saa zile sita zilitoka mahali fulani: katika usingizi, katika mtihani, katika chakula kilichopoa mke akingoja. Wale watano wa kundini walipata tabibu mwaminifu. Wa nyumbani walipata mgongo wake. Jina la ADHD haliifuti hesabu hii, kwa sababu aliyengoja mezani alingoja kweli.

Na je, wakirudishwa, watapona, kama alivyodhani Hofer? Jambo hili limejaribiwa. Mwaka 2009 wapenzi wa EverQuest walifungua seva iitwayo Project 1999, ili mchezo uwe kama ulivyokuwa mwanzo. Mwaka 2013 J. Allen Brack, mmoja wa wakuu wa World of Warcraft, mchezo wa namna hiyo uliotoka mwaka 2004, aliulizwa hadharani kama wataufungua tena ule wa zamani. Akamjibu muulizaji kwamba yeye adhani autaka, lakini hautaki. Wengi walichukizwa. Seva ya wapenzi iitwayo Nostalrius ilipofungwa mwaka 2016 kwa kuhofia sheria, zaidi ya watu 200,000 walitia sahihi ombi la kutaka mchezo wa zamani, na Agosti 2019 kampuni ile ile ikautoa. Watu walipanga foleni ya saa nyingi kuingia. Basi Brack alikosa, lakini hakukosa kabisa. Ardhi ilirudi kama ilivyokuwa, ila kila pango lake limekwisha elezwa katika intaneti na hapana tena apoteaye. Na aliyeingia si kijana wa miaka 17 ambaye bili zalipwa na babake.

Nionavyo mimi, mwenye kutamani na aulize alichokipoteza ni kitu gani khasa. Ikiwa ni mapango na vyombo, hayo yapo, na ayazuru kwa kadiri, kama mtu azuruvyo mtaa aliozaliwa. Lakini ikiwa ni saa iliyojulikana, kazi moja mbele yake, na wenzake wanaomngoja, hayo hayakuwa mali ya mchezo. Matabibu wana dawa, mojawapo yatumika tangu miaka ya 1950, nazo huwafaa wengi chini ya uangalizi wao. Lakini dawa haimpangii mtu siku yake. Wenye hali hii wamegundua wenyewe kwamba kazi iliyowashinda wakiwa peke yao huwezekana mtu mwingine akiketi karibu tu, hata kama hasemi neno wala hashiki kalamu. Basi fikra ikimtoroka, simlaumu. Nitamuuliza, na nadhani nina haki, kama amemwita mtu wa kuketi naye. Na wa nyumbani nao waulizwe kama wako tayari, maana aliyesema "hutaki tu" kwa miaka ishirini si rahisi kwake kuvuta kiti. Kwa bili ya umeme haihitajiki jeshi la watu sita: watu wawili, meza moja, na nusu saa baada ya chakula cha usiku.