Haki ya Kutochujwa na Wajibu wa Kusikiliza: Tamthilia Mpya na Jukwaa la Pembezoni Isiolo

Mwaka 1947 makundi manane ya waigizaji yalifika Edinburgh, Uskoti, bila kualikwa, yakaigiza kandokando ya tamasha rasmi la kimataifa lililoanzishwa mwaka huo huo. Hapo ndipo ilipozuka dhana ya tamasha la pembezoni, yaani jukwaa lisilo na kamati ya uteuzi, ambapo yeyote apataye mahali pa kuigizia huonyesha kazi yake. Watetezi wa mkondo huu hushikilia kwamba tamthilia mpya haiwezi kukomaa pasipo haki ya kutochujwa. Makala haya yanalipima dai hilo kwa kulihamishia Isiolo, na kuuliza: je, haki hiyo inajitosheleza kimaadili, au inaambatana na wajibu kwa wale ambao maisha yao ndiyo malighafi ya mtunzi?

Isiolo haikuteuliwa kwa kubahatisha. Ukiitazama ramani, mji huu uko karibu na katikati ya Kenya. Hata hivyo, tangu serikali ya kikoloni ilipoifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo Isiolo ilikuwa lango lake, mji huu umehesabiwa kuwa ukingoni. Hivyo pembezoni ni uhusiano zaidi ya kuwa mahali: ni kukaa mbali na meza ambapo wengine hukatiwa uamuzi. Uhusiano huo unaonekana pia katika sanaa ya maonyesho.

Jukwaa kuu la tamthilia mpya nchini Kenya ni tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo, lililoanza mwaka 1959. Faida zake ni bayana, kwani limewapa vijana wengi jukwaa lao la kwanza. Lakini muundo wake ni wa ngazi, na katika kila ngazi kuna waamuzi. Enzi za mikoa, shule za Isiolo zilishindana katika Mkoa wa Mashariki pamoja na zile za Meru, Embu na Machakos. Mchezo ulioshindwa uliishia hapo, kabla mtunzi hajapata fursa ya kuuandika upya. Katika mfumo wa namna hii mtunzi hujifunza kumwandikia mwamuzi, na hadhira hubaki kuwa mashahidi tu.

Aidha, mchujo haukomei kwenye ubora wa kisanaa. Mwaka 2013 mchezo wa *Shackles of Doom*, ulioandikwa na Cleophas Malala na kuigizwa na wasichana wa Butere, ulizuiwa kuingia fainali za kitaifa hadi Mahakama Kuu ilipouruhusu. Mwaka 2025 mchezo mwingine wa mtunzi huyo huyo, *Echoes of War*, ulizua mvutano na serikali katika tamasha la Nakuru. Kwa mifano hii, hoja ya kutochujwa ina nguvu kubwa. Ila kuna jambo la kuzingatia. Mchezo wa mwaka 2013 ulisawiri jamii ya nchi kame iliyogundua mafuta, ilhali ulitungwa na kuigizwa magharibi mwa nchi. Swali lililokuwa mbele ya mahakama lilihusu mamlaka ya serikali ya kunyamazisha. Iwapo wenyeji wa nchi kame walijitambua katika usawiri ule ni swali jingine, wala si la mahakama kulijibu.

Na tuchukue mfano wa kubuni. Mtunzi kijana anaandika tamthilia kuhusu vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, wakati wafugaji walipokusanywa katika vijiji vya ulinzi huko Garba Tulla na Merti, wakapoteza mifugo yao. Au anaandika kuhusu wizi wa ng'ombe, na wezi wote anawapa lafudhi ya jamii moja. Huko Edinburgh hadhira ikikerwa hutawanyika, kila mtu akashika njia yake. Isiolo, Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru waliotazama mchezo huo watakutana kesho yake katika soko lile lile. Je, basi iundwe kamati? La. Kamati yenye hofu itaanza kuondoa kisa cha vijiji vile, na kunyamazia maumivu hayo ni kuyaendeleza.

Njia ya tatu ilidokezwa Kamirithu mwaka 1977. Mazoezi ya *Ngaahika Ndeenda*, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, yalifanywa hadharani, na wanakijiji wakasahihisha lugha na nyimbo. Novemba mwaka huo serikali ikafuta kibali cha maonyesho. Katika kisa hiki kimoja tunaona vitendo viwili ambavyo aghalabu huchanganywa. Mchujaji humwambia mtunzi anyamaze. Msahihishaji humtaka aseme tena, kwa ukweli zaidi.

Hata hivyo, Kamirithu haihamishiki Isiolo kama ilivyo. Kule hadhira kwa kiasi kikubwa ilikuwa ya lugha moja. Isiolo, Kiswahili huwakutanisha wengi bila kuwa mali ya jamii moja, lakini utani na uchungu wa lugha za nyumbani hupotea kwa sehemu. Zaidi ya hayo, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake: walio wengi wanaweza kusahihisha hadi walio wachache wakafutika mchezoni. Kwa sababu hiyo wajibu wa mtunzi hauwezi kuwa wa kutii. Ni wajibu wa kusikiliza na kujibu, hata kama jibu lake ni kukataa, mradi akatae mbele ya waliolalamika.

Msimamo huu una matokeo ya kiutendaji. Tamasha la pembezoni litakaloifaa Isiolo halitahitaji mlinzi wa lango, ila litahitaji kila tamthilia mpya ionyeshwe mara mbili, na baina ya maonyesho hayo ziwepo siku za mjadala na za kuandika upya. Katiba ya 2010 inalinda ubunifu wa kisanaa na kukataa uchochezi wa chuki. Kati ya mipaka hiyo miwili kuna uwanja mpana ambao sheria haiufikii, na humo mtunzi huongozwa na dhamiri yake. Onyesho la kwanza ni haki yake. La pili analipata kwa kuwa aliwasikiliza waliolitazama la kwanza.